Uchovu Sugu wa Matabibu wa Meno na Njia za Kuuzuia

Mgonjwa aingiapo katika chumba cha tabibu wa meno huja na hofu yake, na hofu hiyo haibaki kwake peke yake. Moyo humdunda, misuli ya shingo hukaza, na ulimi husukuma kila chombo kinachoingia kinywani. Tabibu naye, ambaye aghalabu hufanya kazi yake ndani ya milimita chache tu, hulazimika kuutuliza mkono wake huku akimtuliza mwenziwe. Amalizapo, mgonjwa huenda zake nyumbani. Tabibu humwita mwingine.

Jibu la mwili kwa hali kama hiyo huitwa mkazo. Ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu, na baadaye kidogo homoni ya kortisoli. Mapigo ya moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na misuli huwa tayari kwa kupambana au kukimbia. Yafaa kutaja hapa kwamba adrenalini hiyo hiyo huchanganywa katika dawa nyingi za ganzi za meno, mara nyingi kwa kiasi cha sehemu 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000, ili ibane mishipa midogo ya damu na ganzi idumu. Lakini tabibu hawezi kupambana wala kukimbia. Hana budi kuketi kimya na kuendelea.

Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya majaribio yake kwa panya, alieleza kwamba mwili unaosumbuliwa mfululizo hupita hatua tatu: mshtuko, ustahimilivu, na hatimaye kuishiwa nguvu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York alieleza hali inayofanana na hiyo ya mwisho kwa watu waliojitolea kuwahudumia wengine. Kisha mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa orodha ya maswali ya kuipima hali hiyo kwa pande zake tatu. Upande wa kwanza ni kukauka kwa moyo, na wa tatu ni kuona kwamba kazi yote aifanyayo mtu haina faida. Upande wa pili ndio wa kuogopwa zaidi na wagonjwa: mhudumu huanza kuwaona watu kama vitu, hata mtu aliyeketi kitini akawa si mtu tena bali ni "lile jino la kung'oa".

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliuhesabu uchovu huu kuwa ni jambo litokanalo na mkazo sugu wa kazini usiodhibitiwa vema, wala si ugonjwa. Maelezo hayo ni ya haki. Kumhimiza tabibu awe mvumilivu hakutoshi. Yapasa kwanza kuchunguza jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

Uchunguzi huo waweza kuanzia shingoni. Kichwa cha mtu mzima kina masi ya kilogramu 5 hivi, yaani uzito wa nyutoni 50. Shingo hufanya kazi kama wenzo, na egemeo lake ni pingili za uti wa mgongo. Ichukuliwe kwamba misuli ya nyuma huvuta kwa umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye egemeo. Kichwa kikiwa wima, na kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 2 mbele ya egemeo, misuli huhitaji kani ya nyutoni 20 tu. Tabibu akiinama hata umbali huo ukafika sentimita 10, kani huwa nyutoni 100, yaani mara tano. Tena misuli iliyokazwa bila kulegezwa huibana mishipa yake ya damu yenyewe. Mwanafunzi aweza kulithibitisha hili kwa kushika kitabu kizito kwa mkono ulionyooshwa muda wa dakika tatu. Ndiyo sababu hushauriwa kiti cha mgonjwa kilazwe na kuinuliwa mpaka kinywa kimfuate tabibu, na msaidizi aketi upande wa pili akimpa vyombo.

Hofu ya mgonjwa nayo ina dawa zake. Kwa watoto, njia iliyoelezwa na Harold Addelston mwaka 1959 ingali yatumika: mtoto huelezwa, huonyeshwa, ndipo hutendewa. Mtu mzima hupewa ishara, kwa mfano kuinua mkono wa kushoto, na tabibu huahidi kusimama mara aionapo. Mara nyingi mkono hauinuliwi kabisa; kujua kwamba waweza kuinuliwa kwatosha.

Tanzania ina sehemu yake katika habari hii. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza kujaribiwa hapa njia ya kuziba jino bila mashine ya kutobolea: sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa glasi ionoma, saruji inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Shabaha ilikuwa kuwafikia watu wasio na umeme. Hata hivyo, kwa kuwa mlio wa mashine haupo na mara nyingi sindano haihitajiki, hofu nayo hupungua, kwa mgonjwa na kwa tabibu pia. Njia hii hufaa zaidi matundu madogo. Jino lililooza hadi kwenye neva huhitaji matibabu mengine. Mwaka 2021 glasi ionoma iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Limebaki suala la upweke. Tabibu wa meno hukaa na watu kutwa nzima, lakini wote wamefumbua vinywa na hawawezi kuzungumza naye. Aliye peke yake katika hospitali ya wilaya huumia zaidi. Saa moja kwa juma ya kujadili kazi ngumu na mwenzake, hata kwa simu, na nafasi chache zilizoachwa wazi kila asubuhi kwa wagonjwa wa dharura ili ratiba isivurugike, ni mambo yasiyohitaji fedha nyingi, nayo yafaa yapangwe na hospitali, si na tabibu peke yake.