Gari limejaa, dakika zinaendelea: somo la tafsiri kutoka kituo cha kuchajia magari

1. Chanzo cha makala haya

Mwaka jana nilifanya kosa la tafsiri, na kosa hilo lililipwa na mtu mwingine. Baba yangu mdogo anaishi Liège, Ubelgiji, na kazi yake ni kupeleka vifurushi. Alikuwa amenunua gari dogo la umeme, mtumba. Kwa kuwa amepanga katika jengo la ghorofa, hana mahali pa kuchajia nyumbani, hivyo anategemea vituo vya umma vilivyo kando ya barabara. Kifaransa cha kazini anakisikia vizuri, lakini maandishi madogo ya bei yalimchanganya. Akanitumia picha ya skrini ya simu yake, akaomba nimwekee kwa Kiswahili.

Mistari ilikuwa mitano. Niliifasiri kwa dakika kumi, nikiwa najivuna kidogo. Mstari wa mwisho ulisema "frais d'occupation". Shuleni tulizoea "occupation" kwa maana ya shughuli au kazi, nami nikaandika "malipo ya matumizi". Baba mdogo alielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: gari likitumia umeme unalipa, lisipotumia hulipi. Akaliacha limechomekwa usiku kucha, akaenda kulala.

Asubuhi alinipigia simu. "Mutoto, ulinambiaka ni matumizi. Motokari ilikuwa imejaa zamani! Ilitumia nini?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nataka kuonyesha kwamba katika kituo cha kuchajia kuna mambo matatu yanayotokea kwa wakati mmoja, kwamba kila jambo lina kipimo chake cha fedha, na kwamba sarufi ya Kiswahili inatosha kabisa kuyatenganisha, mradi mfasiri asiwe na haraka kama mimi.

2. Mazoea tunayotoka nayo

Kwanza tuangalie mazoea yetu. Umeme ukikatika mtaani kwetu, tunapeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia. Mwenye kibanda anapokea simu, anakupa kikaratasi chenye namba, unalipa bei moja kwa simu moja. Hakuulizi betri yako ni kubwa au ndogo. Ukichelewa kuifuata kwa saa tatu, hakudai zaidi. Pengine atanung'unika tu. Kinachouzwa pale ni tendo lililokamilika: "kujaza simu".

Baba mdogo alikulia katika mazoea hayo, na mimi pia. Tafsiri yangu haikuyatikisa; iliyathibitisha. Ndiyo maana ninasema kosa halikuwa la neno moja tu. Nilifasiri neno bila kufasiri biashara iliyo nyuma yake.

3. Mambo matatu, vipimo vitatu

Dereva akifika kwenye kituo cha umma barani Ulaya, kwa kawaida hufuata hatua hizi. Anaegesha, anachomeka waya (vituo vya kasi ndogo mara nyingi humtaka aje na waya wake, vya kasi kubwa vina waya wao), anajitambulisha kwa kadi ya kuchajia, kwa programu ya simu, au kwa kadi ya benki, umeme unaanza kupita. Waya hufungwa ili mpita njia asiuchomoe. Gari likijaa, umeme unasimama wenyewe, lakini waya unabaki mahali pake mpaka dereva aje.

Hapa pana mambo matatu. La kwanza ni umeme ulioingia, unaopimwa kwa kilowati-saa. La pili ni kipindi kizima, yaani kufungua na kufunga huduma. Vituo vingine hutoza kiasi kimoja kwa kila kipindi. La tatu ni nafasi: gari lako limekaa mahali ambapo mwenzako angechaji. Hilo hupimwa kwa dakika.

Tuongeze tofauti ambayo wanafunzi wengi wa lugha huiruka. Kilowati ni kipimo cha nguvu, yaani umeme unapita kwa kasi gani. Kilowati-saa ni kipimo cha nishati, yaani umeingia kiasi gani. Mashine ya kilowati 50 ikitoa nguvu yake yote kwa nusu saa, inatoa kilowati-saa 25. Ni kama bomba na ndoo: kilowati ni unene wa maji yanayotoka, kilowati-saa ni maji yaliyomo ndani ya ndoo. Na ndoo hii ina tabia yake: katika mashine za kasi, betri ikipita takriban asilimia 80, gari lenyewe hupunguza nguvu inayopokea ili kulinda betri. Kwa hiyo anayelipa kwa dakika hulipa ghali zaidi mwishoni, kwa sababu dakika ile ile inaleta umeme mchache.

Sasa tufanye hesabu ya darasani. Bei ni za mfano tu. Kituo kina nguvu ya kilowati 11. Umeme ni euro 0.50 kwa kilowati-saa. Gari likijaa unapewa dakika 15 za kuliondoa, kisha unatozwa euro 0.05 kwa dakika. Dereva anachomeka saa 2 usiku. Saa 5 usiku gari limejaa: kilowati-saa 33, sawa na euro 16.50. Anakuja kuchomoa saa 12 na robo asubuhi. Kuanzia saa 5 na robo hadi hapo ni saa 7, yaani dakika 420, sawa na euro 21. Jumla ni euro 37.50, na sehemu kubwa zaidi si ya umeme. Ni ya kukaa.

4. Sheria nayo inatenganisha

Utengano huu si ujanja wa mwenye kituo mmoja. Umo katika sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1804, iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024, inahusu pia wateja wasio na mkataba. Kwao, vituo vipya vya umma vyenye nguvu ya kilowati 50 au zaidi lazima vipokee kadi za malipo, na bei lazima ijengwe juu ya kilowati-saa. Juu ya bei hiyo, mwenye kituo anaruhusiwa kutoza ada kwa dakika ili kuwazuia watu wasikalie nafasi kwa muda mrefu. Kwa vituo vya chini ya kilowati 50, sheria inataka sehemu za bei zionyeshwe kwa mpangilio: kwanza bei ya kilowati-saa, kisha ya dakika, kisha ya kipindi, kisha nyingine zozote.

Kwa hiyo mfasiri amepewa orodha tayari. Nami nilikuwa nayo mbele ya macho, nikaibomoa.

Jambo jingine la kumwambia msomaji: anayetumia kadi ya kuchajia ana mkataba na mtoa kadi, na huyo anaweza kuwa tofauti na mwenye kituo. Hivyo bei ya kadi inaweza kutofautiana na bei iliyoandikwa kwenye mashine. Ni vizuri kusoma zote mbili kabla ya kuchomeka.

5. Vitenzi vyetu vinasemaje

Tuanze na "kuchaji". Kitenzi hiki cha mkopo kina pande mbili: "ninachaji gari" na "gari linachaji". Lubumbashi tuna pacha wake kutoka Kifaransa, "kusharje", mwenye tabia hiyo hiyo. Kwa mazungumzo kinatosha. Kwa hati ya malipo hakitoshi, maana "gari linachaji" husemwa hata na mtu anayeona waya tu, bila kujua kama umeme unapita. Ni afadhali kuandika "linachajiwa" tunapokusudia umeme unaoingia. Na kwa mahali, kauli ya kutendea inatusaidia: "kituo cha kuchajia".

"Kuchomeka" kuna kinyume kizuri, "kuchomoa", kwa muundo ule ule wa "bandika" na "bandua". Lakini tahadhari! "Choma" pia ni kuunguza, na kauli yake ya kutendeka ni "chomeka". Ukiandika "gari limechomeka", msomaji anaweza kuona moshi. Andika "gari limechomekwa".

Sasa tufikie kiini. Linganisheni sentensi hizi mbili:

Gari linachajiwa.
Gari limechomekwa.

Kiambishi -na- kinaonyesha tendo linaloendelea. Umeme ukisimama, sentensi ya kwanza si kweli tena. Kiambishi -me- hapa kinaonyesha hali iliyobaki baada ya tendo. Saa 5 usiku, saa 9 usiku, alfajiri, sentensi ya pili bado ni kweli. Bili inafuata tofauti hiyo hiyo: kilowati-saa zinafuata -na-, dakika za nafasi zinafuata -me-. Baba mdogo alilipia -me- usiku kucha, huku mimi nimemwambia kwamba kuna -na- peke yake.

6. Pendekezo

Kwa "frais d'occupation" napendekeza "ada ya kukalia nafasi". "Kukalia" tunakijua: mtu hukalia kiti cha mwenzake, hukalia nyumba isiyo yake. Kinabeba kitu kinachokaliwa, na kinaendelea kuwa kweli hata mkaaji akiwa amelala. Sipendekezi "faini", kwa kuwa faini humfuata mkosaji, na hapa ni bei iliyotangazwa mapema. "Matumizi" tuyaachie umeme wenyewe.

Shaba na kobalti vinavyochimbwa Kolwezi na Likasi vinaingia katika nyaya na betri za magari haya. Itakuwa aibu watu wa huku, wakiyakuta magari hayo ughaibuni, wakose maneno ya kusomea bili yake.

Nilimtumia baba mdogo tafsiri mpya, na mstari wa tano sasa unasema: "Gari likijaa na bado limechomekwa, unalipa kila dakika kwa kukalia nafasi." Alijibu kwa maneno machache: "Sasa niko naelewa. Ile ya kwanza ulinifundisha kwa bei." Siku hizi anaweka kengele ya simu kabla ya kukaa mbele ya televisheni.

Kwa wenzangu tunaofasiri hati za bei, nimebaki na swali moja ambalo ninajiuliza kabla ya kuchagua neno: hesabu ya malipo haya inaanza lini, na inasimama lini? Nikishindwa kulijibu, sijaelewa mstari, hata kama najua kila neno lake.

Zoezi: Fasiri kwa Kifaransa, kisha eleza katika kila sentensi kama dereva anaendelea kulipia umeme, nafasi, au vyote viwili: (a) Gari limechomekwa na linachajiwa. (b) Gari limejaa na halijachomolewa. (c) Gari limechomolewa na bado limeegeshwa hapo hapo. Sentensi ya mwisho ina mtego. Soma kwanza masharti ya kituo.