Rosa Mistika si "malezi mabaya" tu

Semina yetu ya riwaya ilipewa swali moja: nani alaumiwe kwa Rosa kujiua? Jibu nilikuwa nalo tayari, la kwenye desa. Zakaria, baba mlevi, malezi mabaya. Basi. Halafu nikaisoma Rosa Mistika yenyewe, hosteli, usiku mmoja, na asubuhi hata chai haikupanda.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Wengi hutaja mambo ya mapenzi yaliyoandikwa waziwazi. Mimi kilichonisumbua kiko mapema zaidi, nyumbani kwao Ukerewe: Zakaria anagundua barua ya kijana, Charles, anampiga bintiye kikatili. Kwa barua tu!

Hapo usiparuke. Zakaria hampigi Rosa kwa kutomjali. Anachunga, anaogopa aibu. Ukiweka kando ulevi wake, hofu hiyo wanayo baba wengi tunaowaheshimu. Ndiyo maana desa halitoshi: likishaandika "baba mbaya", kila mmoja wetu anapumua na kusema wa kwangu si hivyo.

Wa kwangu hajawahi kunigusa na fimbo. Ila mpaka namaliza kidato cha sita, simu yangu ililala chumbani kwake. Nilipofika mwaka wa kwanza, bumu mkononi na hakuna wa kuniuliza natoka saa ngapi, niligundua kwamba sijui kusema hapana, wala sijui kusema ndiyo. Nilichojua vizuri ni kujificha. Kwa hiyo nilipomfuata Rosa hadi shule ya Rosary, kisha chuoni Morogoro, sikuona tena "msichana aliyeharibika". Niliona mtu ambaye adabu yake yote ilikuwa macho ya baba, na macho yale yamebaki Ukerewe.

Ukiisoma, jaribu pia hili: kila Zakaria akifoka, mtafute Regina. Mama mchapakazi, mcha Mungu, na yeye anapigwa. Je, mabinti wanaomtazama wanajifunza nini kuhusu wanaume? Swali la semina halikumtaja kabisa.

Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba Rosa alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe. Tulibishana mpaka muda ukaisha. Kusema kweli ana hoja, maana Kezilahabi hamfanyi Rosa malaika, na ukimwondolea lawama zote unamgeuza kuwa kitu cha kusukumwa tu, kama alivyoonwa na baba yake. Nimeandika insha yangu mara mbili na sehemu hiyo bado inanikwama.

Jumapili baba alipiga simu, akauliza siku hizi nasoma nini. Nikamwambia riwaya. Inahusu nini?

"Familia moja ya Ukerewe, baba."