Kutoka Rejesta hadi Rafu ya Dawa: Namna Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji Unavyofanya Kazi Katika Huduma za Afya

Utangulizi

Mgonjwa anapofika zahanati huulizwa jina, umri na mahali anapoishi kabla ya kuulizwa anaumwa nini. Wagonjwa wengi huyaona maswali hayo kuwa usumbufu, na wahudumu wengi huona kuyaandika majibu yake ni mzigo juu ya mizigo mingine. Hata hivyo, majibu hayo, pamoja na matokeo ya vipimo na dawa iliyotolewa, ndiyo huamua kwa kiasi kikubwa kama mgonjwa wa mwezi ujao atakuta dawa rafuni au atakuta rafu tupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanaeleza namna daftari la huduma za afya linavyofanya kazi nchini Tanzania, mahali linapoharibika, na wajibu wa mhudumu na mgonjwa katika kulitunza.

Maana ya mfumo

Mfumo wa taarifa za uendeshaji ni utaratibu wa kukusanya, kutunza, kuchambua na kuwasilisha taarifa ili wenye jukumu la kuamua waamue kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Si sahihi kudhani kwamba mfumo ni kompyuta. Kompyuta ni chombo kimoja tu. Mfumo ni watu, vitabu, taratibu, ratiba na vyombo vinavyotumika kwa pamoja.

Katika sekta ya afya nchini Tanzania mfumo huo hujulikana kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ulienea nchini katika miaka ya 1990 ukitegemea vitabu na karatasi. Baadaye iliongezwa programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka hiyo hiyo ya 1990, na ambayo huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kufikia mwaka 2013 programu hiyo ilikuwa imesambazwa Tanzania Bara nzima. Vitabu havikuondoka, vilibaki kuwa shina la mfumo.

Safari ya namba

Safari huanzia kwenye rejesta. Tabibu huandika wagonjwa wa nje katika Kitabu Na. 5, muuguzi huandika wajawazito katika Kitabu Na. 6, watoto katika Kitabu Na. 7, na wanaojifungua katika Kitabu Na. 12. Wagonjwa huhesabiwa kwa makundi ya umri, jinsia na ugonjwa, na mwisho wa mwezi majumuisho hayo huwa taarifa ya kituo. Taarifa huingizwa katika DHIS2, ama na kituo chenyewe pale penye kompyuta na mtandao, ama na ofisi ya afya ya halmashauri. Kutoka hapo huonekana mkoani na wizarani.

Taarifa hiyo moja hutumikia maamuzi ya ngazi tatu. Mganga mfawidhi huitumia kupanga zamu na kuagiza dawa. Timu ya afya ya halmashauri huitumia kuona kituo kipi kinahitaji usimamizi, vifaa au watumishi. Wizara huitumia kupanga bajeti, kampeni za chanjo na miongozo ya tiba. Kosa likitokea kwenye rejesta hupanda ngazi zote, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kujua kilichotokea katika chumba cha tabibu.

Mfano wa kwanza: dawa iliyokwisha

Tuchukulie zahanati iliyotoa dozi 100 za dawa fulani katika mwezi wenye siku 30, lakini dawa hiyo ilikwisha baada ya siku 10. Mhudumu akiripoti matumizi ya dozi 100 bila kutaja siku 20 ambazo dawa haikuwapo, wenye kupanga mgao wataamini kwamba wananchi wa eneo hilo wanahitaji dozi 100 kwa mwezi. Mwezi unaofuata zitaletwa 100, na zitakwisha tena katika siku 10.

Ukweli ni kwamba dozi 100 kwa siku 10 ni sawa na dozi 10 kwa siku. Hivyo mahitaji halisi ni takribani dozi 300 kwa mwezi. Ndiyo maana fomu za kuomba dawa huuliza idadi ya siku ambazo dawa ilikosekana. Safu hiyo ikiachwa wazi, wagonjwa wa siku 20 hawahesabiki popote: walikuja, wakaondoka mikono mitupu, na mfumo haukuwaona.

Mfano wa pili: namba tatu zikiwekwa pamoja

Zahanati nyingine inaripoti kwamba watu 300 walipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, 90 walikutwa na vimelea, na 150 walipewa dawa mseto. Kila namba ikitazamwa peke yake haina kasoro. Zikiwekwa pamoja, zinaonesha kuwa watu 60 walipewa dawa bila kuwapo matokeo yaliyoandikwa yanayothibitisha malaria.

Sababu zaweza kuwa tatu. Huenda baadhi walitibiwa ingawa kipimo hakikuonesha vimelea. Huenda vipimo vilikwisha kwa siku kadhaa na wagonjwa wakatibiwa kwa dalili tu. Huenda walipimwa na kukutwa na vimelea, lakini majibu hayakuandikwa. Sababu ya kwanza inahitaji mafunzo na usimamizi, ya pili inahitaji vipimo, na ya tatu inahitaji marekebisho ya uandishi. Hakuna njia ya kujua ila kufungua rejesta na kulinganisha mstari kwa mstari. Jambo hili si la makaratasi tu: mtoto mwenye homa ya nimonia aliyepewa dawa ya malaria peke yake huendelea kuumwa huku mama yake akiamini kwamba ameshatibiwa.

Mahali mfumo unapoharibika

Kwanza, rejesta hujazwa mwisho wa siku au wa wiki kwa kukumbuka. Kumbukumbu hupoteza wengi.

Pili, watu huchanganya sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake ni kwamba jambo lilitazamwa na halikutokea. Nafasi tupu maana yake ni kwamba haijulikani. Kituo kisichoandika kitu mahali pa vifo vya wajawazito hakijasema kwamba hakuna aliyefariki.

Tatu, namba hupikwa ili kufikia malengo. Mhudumu anayekaripiwa kila anapoleta namba mbaya hujifunza kuleta namba nzuri, wala si lazima huduma iwe imeboreka.

Nne, na hili ndilo kubwa, taarifa hupanda lakini hazishuki. Muuguzi anayetuma taarifa mwaka mzima bila kupata mrejesho hukosa sababu ya kuandika kwa uangalifu. Mfumo huishi pale aliyeandika anapoona alichoandika kimeleta badiliko.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Mhudumu anapaswa kuandika huduma wakati inapotolewa, kulinganisha majumuisho na rejesta kabla ya kutuma, na kuzijadili namba katika kikao cha kituo kila mwezi. Chati moja ukutani, inayooneshwa mwezi hadi mwezi na kueleweka na watumishi wote, ina manufaa kuliko taarifa nene iliyofungiwa kabatini.

Mgonjwa naye anapaswa kutaja umri na kijiji chake kwa ukweli, kuleta kadi ya kliniki kila hudhurio, na kueleza dawa alizokwisha kutumia. Ana haki pia. Jina lake hubaki kwenye rejesta ya kituo. Taarifa ya mwezi hubeba idadi, si majina. Ugonjwa wake haupaswi kusomwa wala kutajwa mbele ya wasiohusika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa asiyeaminiwa kutunziwa siri yake ataficha ukweli, na rejesta itaandika uongo.

Hitimisho

Mfumo wa taarifa hupimwa kwa maamuzi unayoyazaa, si kwa wingi wa fomu zilizojazwa. Namba iliyoandikwa kwa ukweli leo asubuhi katika chumba cha tabibu hurudi ikiwa dawa, kipimo au mhudumu wa ziada. Namba isiyoandikwa hurudi ikiwa rafu tupu, na anayesimama mbele ya rafu hiyo ni mgonjwa.