Kuni, Kinyonga na Ushoroba: Lugha ya Utafiti wa Bayoanuwai katika Bonde la Kilombero

Makala haya yanachunguza namna maarifa ya bayoanuwai yanavyotoka katika kituo cha utafiti wa ushirikiano hadi kufikia uamuzi wa dola, na lugha inayoyabeba njiani. Mfano mkuu ni Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia cha Udzungwa, kilichoanzishwa Mang'ula, kaskazini ya Ifakara, mwaka 2006 kwa ubia wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia.

Ubia wa namna hii si mgeni bondeni. Ifakara ilipata maabara ya Waswisi mwaka 1957 kwa juhudi za Rudolf Geigy, na humo ndimo ilimochipukia Taasisi ya Afya ya Ifakara. Thamani ya Mang'ula imo katika kudumu. Mtafiti wa miezi mitatu aweza kuorodhesha wanyama. Kujua kama wanapungua kwahitaji mtu abakiye. Mwaka 2009 ndipo ulipoanza utaratibu wa kutega kamera mahali 60 katika msitu wa Mwanihana, ili mwaka mmoja ulinganishwe na mwingine.

Matokeo hayo, hata hivyo, huandikwa zaidi kwa Kiingereza, na majina kwa Kilatini. Yapo majina yanayorudi nyumbani. Kinyonga wa msitu wa Magombera alitambulishwa mwaka 2009 kuwa Kinyongia magomberae: jenasi yenyewe imetokana na neno la Kiswahili, na spishi imechukua jina la msitu. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019. Jina lilitangulia sheria kwa miaka kumi.

Mintarafu ya kuni, hali ni nzito zaidi. Hadi mwaka 2011 wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa waliruhusiwa kuokota kuni kavu humo. Mwaka huo ruhusa ikakoma. Katika lugha ya ripoti, kuni ni shinikizo juu ya mfumo wa ikolojia. Kwa mwanamke wa Mang'ula ni ugali wa jioni. Maana zote mbili ni za kweli, lakini moja tu ndiyo iliyozoea kuingia katika majedwali, na hapa kituo kilichokaa miongoni mwa wanakijiji kina wajibu ambao makumbusho ya mbali hayawezi kuubeba.

Istilahi nazo hazilingani kwa nguvu. "Bayoanuwai" ni neno la kuundwa, na huhitaji mwalimu. "Ushoroba" lilikuwapo: njia nyembamba baina ya vyumba au nyumba. Wahifadhi walipolitumia kwa mapito ya tembo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, msikilizaji alikwishajua kwamba njia ya namna hiyo ina watu kila upande, na kwamba anayeiziba humfungia mwenziwe.