Matairi Mapana kwenye Gari la Michezo: Pima Kabla ya Kulipa

Mmiliki wa gari dogo la kasi anapotamani matairi mapana, mara nyingi huongozwa na macho: gari huonekana limekaa imara zaidi barabarani. Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kununua matairi manne, kuyafunga, kisha kugundua kati ya Bariadi na Lamadi kwamba yanasugua madigadi kila abiria wanapoketi nyuma. Tairi lililokwisha kutembea ni vigumu kulirudisha dukani. Na tairi linalosuguliwa ubavuni laweza kupasuka gari likiwa katika mwendo. Somo hili linaeleza namna ya kutambua, kabla ya kutoa fedha, upana ambao gari lako laweza kuupokea bila kukata wala kukunja bodi.

1. Soma namba zilizo ubavuni

Tuchukue mfano wa Toyota Altezza RS200, ambayo ilitoka kiwandani na matairi ya 215/45R17. Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya upana huo. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo. Kwa mfano, 91V humaanisha kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 615, na lisiendeshwe zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Usikubali tairi lenye uwezo mdogo kuliko ule ulioelekezwa na mtengenezaji wa gari, hata kama ni pana zaidi.

2. Linganisha vipenyo

Ukizidisha kimo cha ubavu kwa mbili, kisha ukajumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4), utapata kipenyo cha tairi zima. Tairi la 215/45R17 lina milimita 625; la 225/45R17 lina 634; la 235/45R17 lina 643. Mafundi wengi hushauri tofauti isizidi asilimia 3, kwa kuwa tairi kubwa huifanya spidomita isome mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Kwa hesabu hii pekee, matairi yote mawili mapana yangepita, lakini bado hatujaitazama rimu.

3. Tazama rimu

Rimu ya Altezza hiyo ina upana wa inchi 7. Tairi la 225/45R17 hufungwa kwenye rimu ya kuanzia inchi 7 hadi 8.5, la 235/45R17 huhitaji inchi 7.5 hadi 9. Kwa hiyo 225 inafaa, na 235 haifai, hata kama fundi ataweza kuliingiza kwa nguvu. Tairi lililobanwa na rimu nyembamba huvimba katikati, halikanyagi barabara sawasawa, na huisha upesi.

Anayetaka kuvuka hapo atahitaji rimu mpya, na lazima aulize ofseti yake, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaofungwa kwenye gari na mstari wa katikati ya upana wake. Rimu ya inchi 8 yenye ofseti 45, ikichukua nafasi ya ile ya inchi 7 yenye ofseti 50, husogea takriban milimita 18 kuelekea nje na milimita 8 kuelekea ndani.

4. Pima nafasi

Liegeshe gari mahali tambarare, likiwa na abiria na mzigo wa kawaida. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu kwa ndani, kisha kati ya tairi na ukingo wa madigadi kwa nje na kwa juu. Kwa magurudumu ya mbele, rudia vipimo usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Tairi la 225 litachukua takriban milimita 5 kila upande. Ikiwa nafasi ya ndani ni milimita 8, zitabaki 3 tu, na tope la mbugani likigandia hapo wakati wa masika litatosha kulisugua tairi.

Usitegemee spesa kuokoa hali. Spesa hulisogeza gurudumu nje na kupunguza sehemu ya bolti inayoshikwa na nati.

5. Fikiria barabara zetu

Tairi pana hushika vizuri lami kavu. Kwenye maji yaliyotuama, huelea mapema zaidi kuliko tairi jembamba. Ubavu mfupi nao humlinda kidogo dereva na rimu yake dhidi ya mashimo. Kwa msomaji wa Lingeka anayeacha lami kila siku, matairi mapya ya saizi ya kiwandani huenda yakawa ununuzi bora kuliko mapana.

6. Linda haki yako

Kabla ya kulipa, hakikisha saizi na uwezo wa tairi vimeandikwa kwenye risiti. Soma tarehe ya kutengenezwa: tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kubalianeni kwa maandishi kwamba tairi moja la mbele na moja la nyuma yafungwe kwanza kwa majaribio, na kwamba yakisugua yatarudishwa kabla gari halijaondoka. Muuzaji anayesema "litaingia tu" lakini hataki kuliandika neno hilo, amekwisha kukujibu. Ukiuziwa kwa maelezo ya uongo, peleka malalamiko pamoja na risiti kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Zoezi

Gari linatumia 195/65R15. Je, 205/60R15 litabadilisha kipenyo kwa kiasi gani? (Jibu: kitapungua kutoka milimita 634.5 hadi 627, yaani asilimia 1.2.) Sasa fanya hesabu hiyo kwa gari lako, ukiwa na futi mkononi na fedha zako zikiwa bado mfukoni.