Nyumba ya Likizo Pwani: Wazee, Watoto na Ninyi Wawili



Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti au Desemba, jamaa nyingi hufunga safari ya Pwani: babu na nyanya, baba na mama, na watoto wote. Badala ya kulala hotelini hukodi nyumba nzima, kwani ni nafuu wakiwa wengi na kila mtu hula chakula alichozoea. Ni jambo jema sana. Lakini wako wanaorudi wamenuniana. Mama mkwe ameudhika, mke amechoka kuliko alivyokwenda, na mume anahesabu madeni. Mara nyingi kosa si la bahari wala joto. Nyumba ilichaguliwa na mtu mmoja, kwa kutazama picha tu.

Somo letu la leo ni hili: nyumba ichaguliwe na mume na mke pamoja, na mwanze kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote. Nyumba inayomfaa mzee mwenye maumivu ya magoti itamfaa na kijana. Inayomfaa kijana huenda isimfae mzee hata kidogo.

1. Kaeni wawili kwanza

Kabla ya kuwaambia ndugu, chukueni karatasi na kalamu. Andikeni majina ya watakaokwenda, umri wao na afya yao. Kisha andikeni fedha mlizo nazo, wala si zile mnazotumaini kupata. Tuseme nyumba ni shilingi 12,000 kwa usiku, nanyi mwalala siku 5. Hizo ni shilingi 60,000, kabla ya nauli, chakula na mpishi. Kama ndugu watachangia, kila mmoja ajue sehemu yake mapema. Mume asimwahidi mamake kwa siri, wala mke asimwalike dadake kwa siri. Likizo ya mkopo uliofichwa huzaa ugomvi wa mwaka mzima.

2. Magoti ya nyanya

Ulizeni: kuna ngazi ngapi? Je, kipo chumba cha chini chenye choo karibu, tena choo cha kukalia? Kutoka mlangoni hadi mchangani ni mwendo gani, na njia ni tambarare au ni ngazi za mawe? Mzee asiyeweza kufika ufuoni atakaa ndani siku zote 5 akiwalinda mizigo.

Fikirini safari pia. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 480. Treni iliyoanza mwaka 2017 huwapumzisha wazee, lakini kituo chake kiko Miritini, nje ya mji, hivyo pangeni gari la kuwapokea. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko upande wa kaskazini, hazihitaji kuvuka feri. Diani iko kusini: huko mtapita feri ya Likoni, au mtazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Malindi ni mwendo wa kilomita 120 hivi zaidi kutoka Mombasa.

3. Heshima ya wakwe

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika makabila yetu mengi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatumii bafu moja, na pengine hawalali chini ya paa moja. Msiseme, "Hayo ni mambo ya zamani." Waulizeni wazee wenyewe kwa upole kabla ya kulipa. Mama aliyekosa usingizi kwa aibu hatalalamika. Ataomba tu arudishwe nyumbani.

Dawa ipo. Tafuteni ua wenye nyumba kubwa na kijumba kando, au nyumba mbili ndogo jirani. Mkikosa, basi nyumba yenye upande wenye mlango na bafu lake. Afadhali nyumba iliyo mbali kidogo na ufuo, yenye nafasi ya heshima, kuliko ile ya mbele ya bahari ambamo wote wanabanana kwenye choo kimoja. Kumheshimu mzazi kadiri ya amri ya nne ni pamoja na kumtunzia staha yake.

4. Watoto na maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hurudi mbali sana, na watoto hushawishika kutembea hadi kwenye miamba. Baada ya saa sita hivi maji yamekwisha jaa tena. Kwa hiyo ulizeni wenyeji saa za kujaa na kupwa, tena mpange kwa zamu ni nani anayewaangalia watoto. Msimwachie nyanya kazi hiyo. Kama ua una bwawa la kuogelea, ulizeni kama limezungushiwa uzio.

Hakikisheni kila kitanda kina chandarua kizima. Malaria ipo Pwani, na watu wa nyanda za juu hawana kinga nayo. Agosti ni majira ya upepo wa kusi, na bahari huchafuka zaidi kuliko wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Lakini wakati wa kaskazi joto ni kali, kwa hiyo chumba cha wazee kisikose feni.

5. Jikoni na maji ya kunywa

Kama mke anakwenda kupikia watu 11 mara tatu kwa siku, hiyo si likizo yake. Nyumba nyingi hupatikana pamoja na mpishi. Patana naye ujira na siku ya kupumzika mbele ya mwenye nyumba. Ulizeni pia juu ya maji: nyumba nyingi hutumia kisima chenye maji ya chumvichumvi, na ya kunywa hununuliwa.

6. Chumba chenu

Wazazi wengi hugawa vyumba vyote, kisha wao wenyewe hulala sebuleni na watoto. Msifanye hivyo. Chumba chenye mlango unaofungwa ni haki ya ndoa yenu, wala si uchoyo. Kila jioni mtembee wawili ufuoni hata nusu saa.

7. Msilipe kabla ya kuhakikisha

Picha inaweza kuibwa. Mwombeni mtu mnayemjua huko akaione nyumba, au mwenye nyumba awaonyeshe kwa simu ya video, mkitaja mnachotaka kuona: choo, ngazi, ua. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, biashara za malazi ya wageni zatakiwa kuwa na leseni, ulizeni. Tumeni sehemu ya fedha tu, mpate maandishi ya tarehe, bei na masharti ya kurudishiwa.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Kati ya watakaokwenda, ni nani aliye dhaifu kuliko wote? Nyumba tunayoitaka inamfaa?
2. Je, tumewauliza wazazi wa pande zote mbili wanavyopenda kulala?
3. Ni kazi gani mke hufanya kila siku ambazo hatazifanya huko? Nani atazifanya?
4. Tukikosa fedha za kutosha mwaka huu, tuko tayari kungoja bila kulaumiana?