Sauti Ifike Benchi la Nyuma: Matumizi ya Kitenga-Sauti Nyumbani na Darasani

Ndugu wanachuo, makala haya yanahusu jambo ambalo sisi wakufunzi hulitaja kwa haraka tunapofundisha juu ya zana, kisha tukalipita: namna ya kuifikisha sauti ya televisheni kwenye masikio ya mtoto aketiye nyuma kabisa ya darasa. Tutaanzia sebuleni, maana ndiko tulikolipata somo lenyewe, na kutoka huko tutarudi shuleni.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulikwenda kuwakagua wanachuo wetu katika Wilaya ya Kibiti, na safari ikatufikisha Nyamisati, kijiji kilichoko ukingoni mwa delta ya Rufiji, hapo wanapopandia chombo abiria wa Mafia waendao Kilindoni. Mwanachuo wetu mmoja alikuwa na Darasa la Nne lenye watoto wapatao 80. Alikuwa ameazima kwa mwalimu mwenyeji wake televisheni bapa, pamoja na kisanduku kidogo cha kuchezea vipindi kutoka kwenye flashi, akawaonyesha watoto kipindi cha hesabu cha Ubongo Kids, mfululizo wa Kiswahili ulioanza kurushwa mwaka 2014. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Watoto walitulia, wakacheka mahali pa kucheka, wakanyosha mikono walipoulizwa. Kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi, sisi tuliketi mbele, ubavuni mwa televisheni. Tukampa alama nzuri.

Jioni alituletea madaftari ya zoezi. Watoto wa madawati ya mbele walikuwa wamefanya vizuri. Kuanzia katikati kwenda nyuma alama zilishuka kama maji yanavyokupwa. Na kando ya majina kadhaa ya benchi la nyuma mwanachuo alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: "mzito". Tulimwuliza amejuaje. Akajibu kwamba wote wamesikiliza kipindi kilekile na maelezo yaleyale, na wenzao wameelewa. Jibu hilo lilituridhisha wakati ule. Tunalisema hapa kwa aibu, kwa kuwa halikustahili kumridhisha mkufunzi.

Usiku tulialikwa nyumbani kwa yule mwalimu mwenyeji. Televisheni ilikuwa ileile, imekwisha kurudishwa kutoka shuleni, na majirani walikuwa wamejaa sebuleni hadi barazani. Lakini sauti ilikuwa nyingine kabisa. Hata sisi tuliopewa kiti karibu na mlango, nyuma ya vichwa vya watu, tulisikia neno kwa neno. Tulipostaajabu, mwenyeji alicheka, akasema, "Mwalimu wangu, televisheni hii ina uso, haina kifua. Kifua chake kiko huku," akaionyesha sabufa iliyokuwa juu ya kabati. Kati ya kisanduku cha kuchezea vipindi na televisheni palikuwa na kijidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinachotoa waya mwekundu na waya mweupe kwenda kwenye sabufa. Shuleni hakikupelekwa. Hakuna aliyefikiri kwamba darasa linakihitaji. Kilihesabiwa kuwa ni kitu cha starehe.

Kazi ya kijidude hicho

Ili spika itoe sauti iliyoshiba, hapana budi iwe na nafasi ya kusukuma hewa. Televisheni za zamani zilikuwa na tumbo kubwa, na spika zake aghalabu zilimtazama mtazamaji. Televisheni za siku hizi ni bapa. Spika zake ni ndogo, nazo mara nyingi huelekea chini au ukutani. Sauti humfikia msikilizaji baada ya kujigonga mezani na kwenye ukuta. Katika chumba kidogo kasoro hii huvumilika. Darasani haivumiliki.

Waliowahi kuunganisha deki ya mikanda watakumbuka nyaya tatu: wa njano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti. Sauti na picha zilisafiri mbalimbali, na mtu aliweza kuipeleka sauti popote alipotaka. Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002, ulizipitisha zote mbili katika njia moja. Hilo lilipunguza vurugu ya nyaya, lakini liliifunga sauti kwenye picha: picha ikienda kwenye televisheni, sauti nayo huenda hukohuko, hata kama televisheni yenyewe haina kifua. Kijidude tulichokiona, ambacho sisi tutakiita kitenga-sauti, hukaa katikati ya safari hiyo. Upande mmoja huingia HDMI kutoka kwenye chombo kinachocheza. Upande wa pili hutoka HDMI kwenda kwenye televisheni au projekta, na picha hupita bila kuguswa. Sauti hunakiliwa na kutolewa kwenye tundu jekundu na tundu jeupe, au kwenye tundu la visikilizi vya masikioni. Hutumia umeme wa volti 5, yaani chaja ya simu yatosha. Dukani, mwambie muuzaji unataka kisanduku cha kutoa sauti kwenye HDMI, atakuelewa.

Hata hivyo, kabla hujatoa fedha yako, geuza vyombo ulivyo navyo uvitazame mgongoni. Ving'amuzi vingi vina matundu ya nyekundu na nyeupe, na televisheni nyingi zina tundu la visikilizi. Ukiyapata, waya mmoja wa bei ndogo utafanya kazi yote, na kitenga-sauti hakihitajiwi. Mwenyeji wetu alikinunua kwa sababu kisanduku chake cha kuchezea kina HDMI peke yake, na tundu la visikilizi la televisheni yake limekufa. Darasani haja kubwa hutokea tunapotumia projekta, kwa maana nyingi hazina spika, au zina kispika kisichoshinda hata feni ya projekta yenyewe. Tena ifahamike kwamba kitenga-sauti hutoa sauti ya kile kinachopita ndani yake tu. Kipindi ambacho televisheni inakipokea yenyewe kwa antena yake hakipiti huko, wala sauti yake haitatoka.

Kuna hitilafu mbili ambazo humfanya mwalimu aseme kifaa ni kibovu, kumbe ni kizima. Ya kwanza ni kukosekana kwa sauti pale picha inapokwenda kwenye projekta. Vyombo vya HDMI huulizana: chombo kinachocheza humwuliza mpokeaji anaweza kupokea nini, na projekta isiyo na spika huweza kujibu kuwa haipokei sauti. Basi sauti haitumwi kabisa, na kitenga-sauti hakina cha kutenga. Vitenga-sauti vingi vina swichi ndogo ubavuni; iondoe kwenye neno PASS uipeleke kwenye 2CH, na kifaa kitajibu chenyewe kwa niaba ya projekta. Ya pili ni sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby, ambao vitenga-sauti vya bei nafuu haviwezi kuufungua. Sabufa hukaa kimya au hukwaruza. Hapo ingia kwenye mipangilio ya sauti ya chombo kinachocheza, uchague PCM.

Sebule si darasa

Asubuhi iliyofuata tulikibeba kitenga-sauti na sabufa hadi shuleni. Tulidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo, kwani sabufa iliyowafurahisha majirani usiku iliunguruma darasani kama ngurumo ya mbali, na maneno yakazama ndani yake.

Sababu ni hii. Nyumbani watu hupenda mdundo, nao ni sauti nene. Lakini katika usemi, kinacholitofautisha neno na neno aghalabu ni konsonanti, na nyingi kati ya hizo, kama s, f na sh, ni sauti nyembamba na hafifu. Vokali huwa na nguvu, hufika mbali. Mtoto wa nyuma husikia vokali, husikia kiimbo, hucheka wenzake wanapocheka, na mkaguzi aketiye mbele huridhika. Asichosikia ni kama limesemwa "fua" au "vua". Kwa hiyo punguza besi hadi karibu na mwisho, ongeza sauti nyembamba kiasi, na iondoe spika sakafuni. Iwe juu ya meza au kabati, ipite vichwa vya watoto, na uso wake uwaelekee.

Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ndani ya chumba kupungua huko si kukali hivyo, lakini badala yake huingia mwangwi, hasa penye sakafu ya saruji na kuta tupu. Kuongeza sauti ya spika moja ya mbele huwaumiza watoto wa mbele na kuongeza mwangwi kwa wa nyuma. Afadhali spika mbili ndogo, kila moja ubavuni katikati ya darasa, zikisema kwa upole. Tulitundika pia mikeka ya ukindu kwenye ukuta wa nyuma, tukiiacha mbali kidogo na ukuta. Mwangwi ulipungua, ingawa si sana. Mvua ikipiga bati, zima televisheni ufundishe kwa ubao. Hakuna spika ya kuishinda.

Mwanachuo wetu alikuwa na sabufa yake ya Bluetooth akauliza kwa nini tusiitumie hiyo, isiyo na waya. Sauti ya Bluetooth aghalabu huchelewa, na midomo ya msemaji huachana na maneno yake. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeeleza kwamba mtazamaji huanza kuigundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 katika 1,000 za sekunde, au ikichelewa kwa sehemu 125. Tunavumilia zaidi kuchelewa, kwa kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo. Ukisimama ufukweni Nyamisati ukamtazama fundi wa mashua aliye mbali kiasi cha mita 170, utaona nyundo ikitua, na mlio utaufikia baada ya nusu sekunde, maana sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde. Hili ni somo zuri la sayansi, na halihitaji umeme.

Kipimo cha sikio

Tulipokwisha kupanga vyombo, tuliwapima watoto. Ni kipimo ambacho kila mwanachuo aweza kukifanya. Mwanachuo alikuwa amejirekodi kwa simu akisoma maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja: kamba na gamba, kome na gome, fua na vua, tamu na damu, pua na bua, suka na shuka. Tulichagua mengi yanayotokana na maisha ya delta, ambako kamba huvuliwa na gome la mkoko linajulikana kwa kila mtoto, ili kosa likitokea liwe la sikio, lisiwe la msamiati. Mara ya kwanza yalitoka kwenye spika ya televisheni. Mara ya pili, kwa mpangilio mwingine, kwenye spika iliyopangwa upya. Watoto waliandika walichosikia.

Mara ya kwanza benchi la nyuma liliandika karibu kwa kubahatisha. Mara ya pili wengi wao walilingana na wenzao wa mbele, na miongoni mwao walikuwamo wale walioandikwa "mzito". Mwanachuo alichukua kifutio bila kuambiwa. Watoto wawili hawakubadilika. Tuliwaleta mbele, tukarudia, na bado mmoja alimtegea msemaji sikio la kulia kila mara. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi ili watoto wapelekwe wakapimwe masikio. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto 34,000,000 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Basi isishangaze kuwakuta wawili kati ya 80.

Alama tuliyoitoa siku ya kwanza tuliifuta pia, tukakagua somo upya kutoka benchi la nyuma, tukibanana na watoto. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu wazima wapatao 2,000,000 walijifunza kwa vikundi kwa msaada wa redio, kikundi kilikuwa kidogo, na redio ndogo ilitosha kuwafikia waliokizunguka chombo. Sisi tumerithi fikra ya chombo, tukasahau udogo wa kikundi.

Zoezi

1. Chora ramani ya darasa unalofundisha. Andika maneno 12 ya mazingira ya watoto wako, kila mawili yatofautiane kwa konsonanti moja tu. Fanya kipimo cha sikio, kisha uandike alama za kila mtoto kwenye ramani mahali anapoketi. Alama zinaanzia kushuka dawati la ngapi?

2. Rudia kipimo hicho bila chombo chochote, kwa sauti yako mwenyewe, ukiwa umesimama mahali usimamapo kila siku, na umeufunika mdomo kwa daftari. Linganisha ramani mbili hizo.